Gari Lililogoma Uwanjani kwa Mkwe

Baba mkwe wangu aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ya mtu anayetema kokwa ya ndimu, kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kuongea na mke wangu. Akasema mke wangu nilikuwa naye huko Handeni, huyu aliyemo ndani ni binti yake.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, kwenye ile mistari ya nyumba za zamani za shamba la mkonge. Baba yake mzee huyu aliletwa kutoka kusini kukata mkonge, yeye akazaliwa hapo hapo, akaendesha matrekta ya shamba, baadaye akawa fundi wa karakana yao mpaka shamba lilipopunguza watu. Tangu siku ya posa hakunipenda. Alisema mbele ya wazee wangu kwamba mwalimu ni mtu wa kusema sana na kufanya kidogo. Wazee wangu walicheka, wakidhani ni utani.

Kosa nilikuwa nalo, na nilijua. Mke wangu alikuwa akishona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yetu pale Chanika, Handeni, kwa cherehani aliyopewa na baba yake siku ya kuagwa. Wateja walizidi. Kufikia mwaka wa pili kibaraza kilikuwa hakikauki watu, wanawake wa magauni ya harusi, wanaume wa kanzu na suruali za shule za watoto wao. Jioni nikirudi kutoka shuleni napita katikati ya watu kwenye nyumba yangu mwenyewe, nawasalimia kama mgeni. Siku moja nilimkuta akimpima mabega mwanamume mmoja wa hapo mtaani. Hakukuwa na lolote. Lakini nilisema neno, mbele ya yule mwanamume na mbele ya wanawake watatu waliokuwa kwenye benchi, neno ambalo silirudii hapa. Watu walipoondoka nikaibeba cherehani, nikaifungia stoo, na ufunguo nikautia mfukoni. Asubuhi yake alipanda basi la Korogwe akiwa na begi moja. Nikakaa wiki mbili nikisubiri arudi mwenyewe.

Kwa hiyo siku ile nilisimama. Hakunipa kiti. Yeye mwenyewe alisimama barazani, mimi chini kwenye udongo, jua likinipiga kisogoni, na akaniambia aliyotaka kuniambia. Kwamba binti yake hakuolewa ili afungiwe kazi yake kama mbuzi anavyofungiwa zizini. Kwamba kwetu Handeni ukame umeingia mpaka kwenye adabu. Kwamba kama nataka talaka niiandike, na kama sitaki niandike vilevile, yeye hana haraka.

"Baba, naomba nimwone dakika tano tu."

"Amekuona. Amekuona kupitia dirishani, akaenda kukaa jikoni. Sasa ondoka uwanjani kwangu."

Nikaondoka. Yaani nilikusudia kuondoka. Niligeuka nikijitahidi kutembea kama mtu ambaye hakufukuzwa, nikaingia ndani ya gari, nikafunga mlango, nikazungusha ufunguo. Tik. Basi. Mlio mmoja mdogo mbele kule chini ya boneti, kama mtu aliyepiga kucha kwenye kibuyu, halafu kimya. Nikazungusha tena. Tik.

Gari langu lilikuwa dogo, la Kijapani, la zamani kiasi kwamba wanafunzi wangu wengi walikuwa wamezaliwa baada yake. Lilikuwa limenisumbua mara mbili tatu mwezi ule, likikataa kuwaka mara ya kwanza na kukubali mara ya tatu. Nililifumbia macho. Sasa nilizungusha mara ya tatu, ya tano, ya kumi. Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa bado amesimama barazani, mikono nyuma, akiniangalia. Kwenye bomba la maji, hatua chache kutoka hapo, wanawake wanne waliacha kuongea.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Umeme naufundisha kila mwaka, ubaoni, kwa chaki, ambako waya ni mstari mnyoofu na swichi ni kijimlango kidogo kinachofunguka upande. Nikajiambia nitulie nifikiri. Nikawasha taa kubwa, nikashuka kutazama: zilikuwa kali, na zilibaki kali hata nilipoingiza mkono dirishani kuzungusha ufunguo. Betri basi ina nguvu. Nikabonyeza honi ili nihakikishe, ikalia kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika.

"Umekuja kutupigia honi?" akauliza mzee.

"Napima betri, Baba."

"Unapima."

Alilisema neno hilo akiwaangalia wanawake wa bombani, na mmoja wao akacheka.

Nikafungua boneti. Nikatikisa vichwa vya betri, vilikuwa vimekaza. Nikavikwangua kwa funguo za nyumba hata hivyo, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Nikarudi kuhamisha gia kutoka pale pa kuegesha mpaka katikati, kwa sababu magari ya otomatiki, ya gia za kujiendesha, hukataa kuwaka yakidhani yamo kwenye mwendo. Tik. Nikampigia simu fundi wangu wa Handeni. Nilisikia nyundo nyuma yake, na mtu akimwita.

"Mlio ni mmoja au inatetemeka tiktiktik?" akauliza.

"Mmoja."

"Hiyo angalia rilei ya starta. Kile kidude cheusi cha mraba kinachopeleka moto kwenye starta. Kimo kwenye boksi la fyuzi hapo karibu na betri, mfuniko wake una ramani. Nitakupigia, mwalimu, nina injini hewani hapa." Hakupiga.

Nikaubandua mfuniko. Kwa ndani ulikuwa na ramani kweli, visanduku vyenye maandishi madogo yaliyofifia. Nikakuta neno la starta kwenye kona ya juu kulia. Nikaing'oa rilei ya kona hiyo. Ilikuwa ngumu, nikaitikisa kushoto na kulia mpaka ikatoka, na ngozi ya kidole ikabaki kwenye ukingo wa boksi. Nikaipuliza miguu yake, nikairudisha, nikazungusha ufunguo. Tik. Nikaing'oa tena, nikaiweka kiganjani, nikazungusha ufunguo bila yenyewe.

Tik.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokishika mkononi hakihusiki, maana kitu kisichokuwepo hakiwezi kulia. Nikautazama mfuniko upya. Ramani ilikuwa na visanduku kumi na viwili. Boksi langu lilikuwa na tisa. Nikakumbuka kwamba mfuniko wa mwanzo ulipasuka kwenye matengenezo ya mwaka juzi, na fundi akanitafutia mwingine. Alinitafutia wa gari lingine. Mwaka mzima na nusu nilikuwa natembea na ramani ya nyumba ya watu.

Jua lilikuwa limepanda. Shati lilinata mgongoni. Mzee aliingia ndani, nikashukuru, lakini alitoka na kiti chake, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta upande wa gari, akakaa akielekeana na injini kama mtu anayetazama mpira. Mtu aliyekuwa fundi wa karakana kwa miaka thelathini. Nina hakika alijua tatizo tangu mlio wa kwanza. Nina hakika pia kwamba angeweza kulimaliza kabla chai haijapoa.

"Mwalimu," akasema, "hilo chuma lisilale hapa."

"Baba, ningekuwa na uwezo ningekuwa nimeshapita Segera."

"Lisukume mpaka barabarani. Ukifika kule ni la serikali."

"La gia za kujiendesha haliwaki kwa kusukumwa."

"Sikusema liwake. Nimesema litoke."

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia kwamba mtu mzima hakai kwenye kiti akatazama mwenzake anavyoumia. Nilitaka kumwambia mengi. Lakini yeye ni baba wa mke wangu, na kwetu huwezi kumjibu mkweo ukabaki na heshima, na juu ya yote nilikuwa uwanjani kwake na nimekosa. Nikainamisha kichwa ndani ya injini, nikamtukana kimoyomoyo huko.

Njia iliyobaki ilikuwa rahisi kuisema. Mtu mmoja azungushe ufunguo, mwingine aweke kidole juu ya rilei moja baada ya nyingine, ile inayoruka chini ya kidole ndiyo yenyewe. Lakini inataka watu wawili. Nikawageukia wanawake wa bombani. Mmoja aliweka ndoo chini kama anayetaka kuja.

"Hapa hakuna utingo wake," mzee akasema, wala hakupaza sauti. Yule mama akainua ndoo yake.

Nilijaribu peke yangu. Nilizungusha ufunguo kwa mkono wa kulia nikajinyoosha kupitia dirishani, lakini mkono wa kushoto haukufika mbele hata robo. Nilijaribu kusikiliza tu, sikio likiwa limetazama mbele. Sauti ilitoka kwenye boksi, hilo nilikuwa na hakika nalo, lakini rilei zilikuwa nne za kufanana zimebanana. Nadhani nilijaribu kwa nusu saa nzima. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka mjini. Nilikuwa nimeukunja mgongo juu ya boneti, sifanyi lolote, nimesimama tu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka uso wangu, niliposikia mlango wa gari ukifunguliwa.

Alikuwa mke wangu. Alikuwa amejifunga kitenge cha mama yake na kichwani kilemba cha jikoni. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akauacha mlango wazi na mguu mmoja nje.

"Toka humo!" baba yake akasema.

"Nazungusha ufunguo ili aondoke, baba. Wewe si ndicho unachotaka?"

Mimi nikafungua mdomo, boneti iko kati yetu, simwoni yeye wala yeye hanioni.

"Mke wangu..."

"Niambie lini nizungushe."

Nikaweka kidole juu ya rilei ya kwanza. "Zungusha." Tik. Kidole hakikusikia kitu. Nikahamia ya pili.

"Nilikuja kukuambia kwamba nilikosea," nikasema.

"Nizungushe?"

"Zungusha."

Tik. Hakuna.

"Ile siku nilichoka. Nimetoka shule, kichwa kinauma, nakuta watu..."

"Hukuchoka," akasema. Sauti yake haikuwa na machozi wala haikupanda. Ilikuwa kavu, sauti anayotumia kumwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Watu walianza kukuita mume wa fundi. Dukani wanakuita mume wa fundi, msikitini wanakuita mume wa fundi. Ulikuja nyumbani siku hiyo umelibeba neno hilo, ukatafuta mahali pa kulitua. Ukalitua juu yangu, mbele ya watu wanaonilisha. Na usiniambie tena umechoka. Nizungushe?"

Nilikuwa sijawahi kumwambia kuhusu jina lile. Nilidhani halijui.

"Nauliza nizungushe?"

"Zungusha."

Chini ya kidole changu, rilei ya tatu iliruka. Ilikuwa mruko mdogo, kama mshipa. "Ndiyo hii," nikasema, na kwa sababu hakuna aliyeuliza ni ipi, maneno yakaanguka hapo hapo.

Basi rilei ilikuwa inapokea amri ya ufunguo. Inaruka, lakini moto haupiti kwenda kwenye starta. Hiyo ilikuwa fizikia yangu hasa, sumaku inavuta na midomo ya swichi haigusani vizuri. Nilichotaka kufanya baada ya hapo kilikuwa cha kijinga. Nilichukua bisibisi ndefu ya chuma, nikaipitisha juu ya betri ili niibandue ile rilei kutoka upande wa pili, na shina la bisibisi likawa linaelea kidole kimoja juu ya kichwa cha chanya, huku ncha yake inagusa bodi.

"Acha!"

Mzee alikuwa amesimama. Kiti kilikuwa kimeanguka nyuma yake.

"Unataka kutulipulia betri hapa na binti yangu yumo ndani ya gari? Ondoa hilo bisibisi! Zima ufunguo kwanza. Kwa vidole, kwa vidole! Unafundisha watoto wa watu nini huko?"

Nikaondoa bisibisi. Nikaibandua rilei kwa vidole, nikaigeuza, ilikuwa na miguu minne. Nikaitazama tu. Sikuwa na mpya, na duka la vipuri lilikuwa mjini, na sikujua hata kama Jumamosi hiyo lingekuwa wazi.

Mzee alikuwa bado amesimama, ameuma meno. Nilimwona akiitazama ile rilei mkononi mwangu, halafu akitazama boksi, halafu akitazama pembeni, kama mtu anayezuia chafya. Hakuweza. Kazi ya miaka thelathini ilimshinda.

"Ya honi inafanana nayo," akasema.

Kisha akakasirika zaidi kuliko alivyokuwa asubuhi nzima, nadhani alijikasirikia mwenyewe, akakiokota kiti chake akaingia nacho ndani na kubamiza mlango.

Nikamwambia mke wangu abonyeze honi, rilei ya pembeni ikaruka chini ya kidole, nikaibandua. Miguu minne, namba zile zile pembeni mwake. Nikaitia kwenye nafasi ya starta, na ile mbovu nikaisukuma kwenye nafasi ya honi.

"Zungusha," nikasema.

Gari likawaka mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile halikuwahi kufanya lolote. Nikashusha boneti. Mke wangu alikuwa ameshatoka, amesimama kando ya mlango ameushika, akingoja niingie ili aufunge. Nilikuwa nimejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza kama atarudi nami.

"Usilizime mpaka ufike kwako," akasema, akafunga mlango.

Nilipita Korogwe mjini bila kusimama kutafuta rilei, kwa kuogopa kuzima. Nilipofika Segera, mahali barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam zinapokutana, malori yalikuwa yamejipanga na wauza machungwa wanakimbilia kila dirisha, na mbele yangu kijana mmoja akaamua kuvusha baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Nikabonyeza honi. Haikulia, bila shaka, nafasi yake ilikuwa na ile rilei iliyoungua. Nikafunga breki, nikatoa kichwa dirishani, nikampigia kelele kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema barabarani. Nilipiga kelele zaidi ya ilivyohitajika. Alishavuka na mimi bado napiga kelele. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu alishuka akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu nilinunua rilei mpya Handeni mjini. Ile ya zamani niliifungua kwa kisu mezani kwangu shuleni. Ndani, midomo ya shaba ilikuwa imeungua nyeusi, imekula vishimo. Mwalimu mwenzangu aliuliza ni kitu gani, nikaitupa kwenye pipa.

Jumamosi iliyofuata niliitoa cherehani stoo, nikaipakia kwenye gari, nikaipeleka Korogwe. Safari hii sikuomba kuonana na mtu. Nilimwambia mzee, "Baba, nimeleta mali ya binti yako." Akasema, "Weka hapo," akanionyesha barazani. Nilipokuwa nageuza gari nilimwona kwenye kioo ameinama juu yake, anazungusha gurudumu kwa kiganja, anasikiliza. Nikajua anatafuta nilichokiharibu. Sikuwa nimeharibu kitu; haikuwa na kasoro isipokuwa vumbi la wiki tatu.

Mke wangu alirudi miezi minne baada ya hapo. Hakurudi kwa kusamehe, na alinieleza hivyo kwenye simu kabla hajapanda basi. Alisema atapanga fremu ya duka yake mwenyewe karibu na soko, atashona huko, atafunga saa anayotaka yeye, na siku nikiingia pale kusema neno mbele ya mteja atapanda basi tena na safari hiyo nisimfuate. Nikakubali. Fremu anayo mpaka leo, na wasichana wawili wanaojifunza. Nyumbani tunaongea vizuri siku nyingi. Siku nyingine akinikasirikia kwa jambo dogo, chumvi au kitasa, nasikia nyuma ya sauti yake lile jambo kubwa, na yeye anajua kwamba nasikia, na wala haliondoi.

Mzee hajawahi kukanyaga Chanika. Sikukuu tunakwenda sisi. Analeta stuli yeye mwenyewe, anamwekea binti yake, anamuuliza habari za mvua na za vitambaa, anacheka naye. Mimi natafuta mahali pa kukaa. Mara ya mwisho nilikaa kwenye ngazi ya baraza na sahani yangu ya pilau mapajani, nikala yote, na hakuna aliyeniongezea.